Muda wa Jina Kinywani

London,
11 Oktoba 1954

Kwa Mama Mwanaasha,

Nimefika salama na mzigo wangu wote, isipokuwa kofia moja iliyochukuliwa na upepo Suez. Baridi ya huku usiulize. Nimepata chumba kwa bibi mmoja mjane anayepika viazi asubuhi, mchana na jioni, nami kila nikila nakuombea dua kwa zile pilipili ulizonifungia.

Kazi yenyewe si kama nilivyodhani. Nilidhani nitasimama mbele ya wanafunzi na chaki mkononi, kama ninavyofanya skuli huko. Kumbe kilichotakiwa ni kinywa changu. Yuko mtaalamu hapa chuoni, Miss Pritchard, anayechunguza jinsi sauti za lugha zinavyotoka: ulimi unakwenda wapi, pumzi inapita puani au mdomoni, na kila sauti inachukua muda gani. Wengine wote tunasema tu. Yeye anapima.

Kupimwa kwenyewe ni hivi. Kuna pipa dogo la chuma linalozunguka, limevishwa karatasi iliyofukizwa moshi mpaka ikawa nyeusi tititi. Mimi navaa kikombe cha mpira mdomoni, vijibomba viwili puani, na kitu mithili ya kifuniko cha chupa kinabanwa kooni. Nikisema neno, pumzi inapita ndani ya mipira, inasukuma sindano, na sindano zinakwaruza mistari myeupe juu ya masizi. Mmoja wa mdomo, mmoja wa pua, mmoja wa koo. Wa nne unachorwa na chuma chenye pembe mbili kinachotetema bila kukosea, na huo ndio saa yetu. Miss Pritchard anahesabu mitetemo yake na kujua ulimi wangu umekaa muda gani juu ya sauti fulani kabla ya kurukia nyengine.

Siku nyengine hatutumii pipa. Ananipaka unga wa makaa uliochanganywa na kakao kwenye kaakaa, huku juu kinywani, kwa brashi ndogo. Nasema neno moja, kisha naachama, yeye anaingiza kioo na kupiga picha. Pale ulimi ulipogusa, unga umeondoka. Nimeuona ulimi wangu ukisema "sasa". Umri wangu wote nimefundisha watoto kusoma na sikujua ninavyolisema neno hilo.

Mbusu Mwanaasha. Mshukuru kaka yako Mkubwa kwa kukupokelea barua dukani.

Mumeo,
Abrahman

*

Kiponda, Unguja,
29 Oktoba 1954

Baba Mwanaasha,

Barua imefika. Kaka Mkubwa aliileta mwenyewe, mikono imejaa unga wa dukani, na jina lake kubwa juu ya bahasha kama kwamba mume ni wake. Sote wazima. Mwanaasha ameng'oka jino na ameniamrisha nikuandikie.

Nimeisoma mara ya kwanza kwa raha, mara ya pili kwa shaka. Mara ya tatu nikaikunja nikaenda kukuna nazi, maana nilihitaji kitu cha kukwaruza.

Huyo Miss Pritchard ana umri gani? Ana mume? Umenieleza pipa, sindano na chuma chenye pembe, hilo hukunieleza. Ulipoungua ulimi kwa uji mwaka juzi nikataka nikutazame, ulifunga mdomo ukasema mtu mzima hachunguliwi. Leo mwanamke wa Kizungu anakupaka kakao kinywani kwa brashi, nawe umeketi kimya umeachama. Sijui nicheke au nifunge mlango.

Nilimsimulia Shemsa, akacheka hata akashika ukuta. Akanambia, "Mwache mwenzio, ndo kazi ilompeleka." Rahisi kwake kusema. Binti ami yako huyo, tangu alipoachwa akarudi kukaa nyumba ya pili yetu, amekuwa mwepesi wa kucheka, hasa likitajwa jambo lako. Usidhani nimesahau kuwa wazee wenu walitaka muoane. Mimi nilipoletwa mjini kutoka Bwejuu, hina haijanitoka miguuni, niliwakuta wanawake wa Kiponda bado wanalizungumza, na waliponyamaza nilijua wamenyamaza kwa sababu nimeingia.

Sasa nambie maneno anayokusemesha huyo Bi Brashi. Nataka kujua ulimi wa mume wangu unashughulika na nini huko.

Kidawa

*

London,
14 Novemba 1954

Kwa Mama Mwanaasha,

Tuliza moyo. Miss Pritchard amepita miaka hamsini, ana paka mmoja na baiskeli, na kwangu haoni mwanamume. Anaona kaakaa. Siku moja nilimpita njiani akanitazama kama mtu asiyenijua, mpaka nilipomwamkia ndipo uso ukamfunguka.

Maneno ni ya kawaida: sasa, mbuzi, ng'ombe, shoka. Kila neno tunalitia katikati ya maneno mawili yasiyobadilika, "Sema mbuzi tena", "Sema shoka tena", ili lipate majirani walewale na mwendo uleule. Bila hivyo kipimo hakiwi na haki. Nasema mara nyingi mpaka taya zinaniuma, na mengine ananasa kwenye mashine ya utepe ili ayasikilize baadaye.

Wiki hii tumeanza majina ya watu. Hakuna la kukutia wasiwasi.

Abdulla, yule kaka yake Kazija wa Jang'ombe, anayesomea ualimu huku, amenitembelea na tende. Tulikula tukakumbuka nyumbani.

Abrahman

*

Kiponda,
8 Januari 1955

Baba Mwanaasha,

Sianzi kwa salamu. Zikibaki nafasi utazikuta chini.

Juzi tulikuwa na harusi Jang'ombe, kwao Kazija. Tumeketi ndani wanawake watupu, sinia la pilau katikati, Shemsa upande wangu wa kulia. Kazija akasema amepata barua ya kaka yake. Abdulla amemwandikia kwamba alialikwa chai chuoni kwenu, yeye na vijana wengine wa Unguja, na yule mtaalamu akawafungulia mashine ya utepe ili wasikie lugha yao. Ikatoka sauti ya Mwalimu Abrahman. "Sema Shemsa tena. Sema Shemsa tena. Sema Shemsa tena." Bila kuchoka. Vijana walicheka hata chai ikamwagika kwenye busati la watu.

Kazija alisimulia kama mtu asiye na nia yoyote. Kazija hajapata kuwa mtu asiye na nia yoyote tangu azaliwe.

Wanawake walinitazama mimi, kisha wakamtazama Shemsa, kisha wakatazama pilau. Bibi mmoja wa makamo akasema, "Wenzetu wanaitwa mpaka Ulaya, miye hata jirani haniiti." Wakacheka. Shemsa hakucheka. Aliinamisha uso, nami niliyekaa karibu niliona anachokificha. Alikuwa anatabasamu. Siku ya pili alikuja kwangu kuomba ukwaju, amejifunga kanga mpya imeandikwa *Sikuomba nimepewa*. Ukwaju anao, nimeuona kwenye dirisha lake.

Mimi naona wivu. Nakuandikia wazi usije ukasema nimenuna. Naona wivu mpaka chakula hakipiti.

Miaka minane nimekaa ubavuni pako, na jina langu sijapata kulisikia kinywani mwako. Mimi ni "we", mimi ni "sikiliza", mimi ni "Mama Mwanaasha". Mbele ya watu mimi ni "mwenyewe". Nilipokuwa najifungua na mkunga ameshaanza kunisomea Yasini, ulisimama mlangoni ukasema, "We, unasikia?" Nikajiambia ndiyo heshima, jina la mke halitupwi barabarani. Nilijivunia. Kumbe ulimi unaweza kutaja, ila umechagua wa kumtaja.

Si unasema mashine inapima? Basi nijibu kwa kipimo. Ulimi wako unakaa muda gani juu ya jina la Shemsa?

Salamu hazikupata nafasi.

Kidawa

*

London,
20 Januari 1955

Kwa Mama Mwanaasha,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na bibi mwenye nyumba akaniuliza kama nimefiwa.

Nisikilize. Miss Pritchard alitaka jina la mwanamke. Akaniuliza, tena kwa wema, "Mke wako anaitwa nani?" Chumbani walikuwamo vijana wawili wa kiume, mmoja anazungusha pipa, mmoja anafukiza karatasi. Niliona kama nimeambiwa nikuvue buibui mbele yao. Jina lako litiwe ndani ya mipira, lilowe mate, lichorwe kwenye masizi, kila anayepita ukumbini alisikie na kuliiga? Sikuweza. La mama yangu sikuweza. La dada yangu vilevile. Wao wananingoja na pipa linazunguka. Nikasema Shemsa. Ndilo la kwanza lililonijia. Hakuna zaidi ya hilo.

Nilikuficha kwa sababu wewe ni wa kufichwa. Nilidhani mwanamke wa kwetu angelielewa hilo bila kuelezwa.

Kuhusu muda, umeuliza nami nitakujibu kwa kweli, maana vipimo vipo. Sauti ya "sh" ni ndefu kwa maumbile yake. Ulimi haufungi njia, unaibana tu, na pumzi inachuruzika. Kwangu inakaribia kuwa mara mbili ya "t". Lakini ni hivyo hivyo kwenye "shoka" na "shamba", kwa hiyo usiitie maana. Siku ya kwanza ilikuwa ndefu zaidi kidogo, kisha ikapungua kila nilivyozidi kulirudia. Miss Pritchard anasema ndivyo inavyokuwa, neno likizoeleka ulimi unalipunguza.

Natumaini sasa moyo umetulia.

Abrahman

*

Kiponda,
2 Februari 1955

Kaka Abrahman,

Shikamoo. Barua hii naiandika bila mtu kujua, na nitakuomba uichane.

Jecha, yule karani wa forodha kwao Mtoni, ameleta posa. Ni mjane, mtu mzima, hana makuu, na watu wake wamekuja kwa adabu. Nilikuwa nimeelekea kusema ndiyo. Ndipo ikafika habari ya mashine.

Mimi si mtoto. Najua mume wa mtu ni mume wa mtu, na Kidawa nimekula naye sahani moja. Lakini tangu nilipoachwa, hakuna mwanamume aliyelitaja jina langu ila kwa habari ya eda na vyombo vyangu nije nivichukue. Leo naambiwa kuna chumba ng'ambo ya bahari ambamo linatajwa tena na tena, na anayelitaja ni wewe. Nimejizuia kufikiri, imenishinda. Nimewaambia watu wa Jecha wangoje.

Kama kuna neno, nambie. Kama hakuna neno, nambie upesi zaidi. Wao hawatangoja kupita mwisho wa mwezi, na mimi umri wangu haungoji.

Dada yako,
Shemsa

*

Bwejuu,
11 Februari 1955

Baba Mwanaasha,

Nimekuja kwa mama. Mwanaasha ninaye, anaokota makombe pwani na ngozi imemchubuka kwa jua. Barua yako kaka Mkubwa ameileta kwa gari la shamba, na amenitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda.

Ndilo la kwanza lililokujia.

Nimeyasoma maneno hayo mpaka yananizunguka kichwani nikiteka maji. Unguja nzima ina wanawake. Yuko muuza mbaazi wa pale Darajani. Yuko mkunga. Yuko yule bibi wa jirani anayekutukania paka. Wangapi umewapita mpaka ukafika kwa Shemsa? Au hukupita mtu? Unanieleza kama kwamba unajitetea, na kila unavyojitetea unazidi kunitia kidole kwenye jipu. Hata neno la kukusudia lingeniuma kidogo kuliko hili lililokuja lenyewe.

Na kisha, mwalimu mzima, umeniandikia kwa mkono wako kwamba siku ya kwanza ilikuwa ndefu zaidi.

Unasema umenificha kwa heshima. Nakubali ni heshima. Lakini heshima hii imenifunika mpaka sioni mbele. Shemsa anapita Kiponda shingo juu kwa sababu ya jina lililopita kinywani mwako, nami niliyekuzalia nimejificha kwa mama yangu kama mwizi. Mama ananambia, "Mwanangu, mume yu mbali, ukimchokoza atapotea kweli." Namjibu, atapoteaje mtu njia ya mahali asipopataja?

Sikiliza neno langu. Sirudi Kiponda mpaka nijue naitwa nani kwako. Na kama huwezi kunitaja, basi itaje talaka. Nayo ni neno kama maneno mengine, ulimi wako utaliweza, na Bi Brashi atakupimia.

Kidawa binti Borafya

*

London,
10 Machi 1955

Kwa dada yangu Shemsa,

Barua yako niliipata mwezi uliopita. Nimekaa nayo kwa haya. Kila nikishika kalamu naona uso wako, na kalamu naiweka chini.

Hakuna neno, dada yangu. Jina lako nilitaja kwa kazi, pale nilipotakiwa kutaja la mwengine nikashindwa. Sikufikiri kama lina mwenyewe na kama litamfikia. Mkubalie Jecha. Ni mtu mwema.

Nisamehe kwa kuchelewa, na kwa hilo jengine.

Abrahman

*

London,
3 Aprili 1955

Kwa Kidawa,

Nimeandika hivyo hapo juu kwa mara ya kwanza. Uone mwenyewe, "K" imepinda.

Barua yako ya Bwejuu ilinilaza chali. Nilitaka kukujibu siku ileile, nikaona nikikujibu kwa maelezo nitaharibu tena. Nimekwisha kujua kwamba mimi kila nikieleza naongeza. Basi nikaenda kwa Miss Pritchard nikamwomba anipime upya, kwa jina nitakalompa mimi. Nikamwomba pia wale vijana watoke. Akanitazama, hakuuliza, akawatuma wakafukize karatasi uani. Pipa akalizungusha mwenyewe.

Nilivaa kikombe, mipira na kile kifuniko cha kooni. Nikasema, "Sema." Kisha sikusema kitu. Sindano zikaenda zimelala mpaka karatasi ikamaliza mzunguko. Akavisha karatasi nyengine. Mara ya pili vilevile. Nilikuwa natoka jasho, Kidawa, na nje theluji haijayeyuka kwenye madirisha. Mara ya tatu nilisema, "Sema Kidawa tena," mpaka mwisho, na tukarudia hivyo asubuhi yote.

Sasa nitakueleza kipimo, na safari hii nakusihi unisome mpaka chini. Ukisema "k", ulimi unapanda nyuma na kuziba njia. Kwa muda huo hakuna pumzi wala sauti, mistari ya mdomo na pua imelala. Kisha unaachia. Kwa kila mtu muda huo ni mdogo sana, sikio haliwezi kuujua. Miss Pritchard alipima "k" yangu ya kitabu, ya kidole, ya kisima, zote ni ndugu. Ya jina lako ilikuwa ndefu kuliko zote, zaidi ya mara mbili, na haikupungua kwa kurudiwa. Aliniuliza kama neno hili lina ugumu wowote katika lugha yetu. Nikamwambia ni jina la mke wangu.

Alisafisha miwani. Kisha akasema karatasi zile hazimfai. "Mengine uliyasema kama maneno," alisema. "Hili hukulisema kama neno. Siwezi kulitia kwenye hesabu." La Shemsa amelichukua, limo kwenye kazi yake, kwa sababu nililisema kama ninavyosema shoka. Lako amelikataa.

Nilidhani kukutaja mbele ya watu ni kukuvunjia heshima. Sasa naona nilikuwa naogopa tu. Niliogopa watu wasikie ninavyokutaja, wakajua.

Talaka sitaitaja, hata kwa kupimwa. Meli yangu inaondoka mwisho wa Juni. Rudi Kiponda, nakuomba.

Abrahman

*

Kiponda,
20 Aprili 1955

Baba Mwanaasha,

Nimerudi. Nyumba ilikuwa na vumbi la kutosha kulima muhogo, na Ramadhani inaingia hivi karibuni, kwa hiyo nimefagia kwa hasira na kwa furaha, vyote pamoja.

Barua yako niliisoma Bwejuu, nyuma ya nyumba, mama asinione uso. Nimekusoma mpaka chini kama ulivyonisihi. Nimelia. Kisha nikakasirika upya, maana nimefikiri: mtu wa kwanza kulisikia jina langu kinywani mwako ni Bi Brashi. Mimi miaka minane naingoja zamu, yeye kapewa asubuhi nzima. Hata paka wake labda keshasikia habari. Nimeshukuru na nimeungua, na usiniambie nichague moja.

Nilipofika mjini, kabla sijafungua madirisha, nilikwenda kwa Shemsa na barua yako mkononi. Sikwenda kwa wema. Nilimkuta anapembua mchele. Nikaketi, nikamsomea pale pa shoka. Nilisoma polepole, nataka kila neno limfikie. Nikamsomea na pale lake lilipokubaliwa na langu likakataliwa, na kwa nini.

Aliendelea kupembua. Kisha akasema, "Nshajua, Kidawa. Kaka Abrahman kanandikia." Akainuka akaniletea barua yako ya Machi, akanipa niisome mwenyewe. Hapo ndipo nilipojua habari ya Jecha. Sikuwa najua kama ameposwa, wala kama amewaambia watu wangoje. Barua yako ilipofika hapa, Jecha alikuwa ameshaoa, Chukwani, msichana wa watu mwenye afya yake. Wewe na haya yako, Baba Mwanaasha. Ungeiona haya mapema kidogo, au usiione kabisa.

Nikamuuliza Shemsa kwa nini hakunambia. Akasema, "N'kwambie nini, kwamba n'likuwa nalala nalisikia jina langu?" Kisha akasema, "Umeshanisomea. Usinisomee tena." Akarudi kwenye mchele. Nilikwenda na ushindi wangu, nikatoka nao, sikujua pa kuuweka. Ile kanga mpya ameitandika dirishani, juu ya mtungi wa maji.

Sikufichi, wivu bado ninao. Nadhani nitazikwa nao. Nilikuwa nimekuandikia karatasi nzima kwamba ukishuka melini uje moja kwa moja mpaka chini ya dirisha lake, usimame hapo na mabegi yako, uniite kwa jina langu mpaka Kiponda yote isikie. Nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote. Nimeichana.

Njoo tu nyumbani. Ingia, funga mlango, kisha niite. Lakini uniite kwa sauti ndogo. Ukuta wetu na wa Shemsa ni mmoja, na sauti yako anaijua.

Kidawa